Ng'ombe Hashibi kwa Ekari

Kila kiangazi kinapokaza, na vumbi la Dodoma, Shinyanga na Simanjiro likapanda nyuma ya makundi yaelekeayo majini, hurudi katika magazeti yetu na katika mabaraza ya wilaya ule mjadala mkongwe wa ng'ombe wangapi wanastahili kukaa katika kijiji gani. Na kila unaporudi huja na hisabu ile ile, kwamba ng'ombe mmoja huhitaji ekari kadhaa, kijiji kina ekari kadhaa, basi gawa, na idadi itakayozidi jawabu iuzwe au ihame. Siwalaumu wanaotaka hisabu, maana nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 haiwezi kuendeshwa kwa kubahatisha, na ardhi iliyochakazwa kwa kwato haimfai mfugaji wala mkulima. Walakini nasema, na nalisema hili kwa moyo wangu wote, kwamba hisabu ya namna hii imepungukiwa na insafu, kwa sababu humpima ng'ombe kwa kitu asichokila. Ng'ombe hula majani, na ndani ya majani hutafuta nguvu ya kuupasha mwili joto, ya kutembea, ya kukamuliwa na ya kuzaa. Na ekari moja yaweza kuwa na nguvu hiyo mara tatu ya ekari nyingine iliyo jirani yake, au yenyewe ikawa nayo tele mwezi wa Februari na isiwe nayo kabisa mwezi wa Oktoba.

Nguvu hiyo hupimika, na jambo la kwanza ambalo kipimo hutufunza ni kwamba wingi wa majani si wingi wa chakula. Chukua kilo moja ya majani machanga ya masika, yaliyokaushwa hata maji yote yakatoka, uchukue na kilo moja ya mabua ya mahindi yaliyosimama shambani tangu mavuno, kisha uvichome kimoja kimoja ndani ya chombo cha chuma ambacho wataalamu hukitumia kupimia joto. Vyote viwili vitatoa joto karibu sawasawa, kiasi cha megajuli 18 kwa kilo, megajuli ikiwa ni kipimo cha nguvu kama gramu ilivyo kipimo cha uzito. Moto haubagui kati ya jani na bua. Tumbo la ng'ombe ndilo hubagua. Majani machanga humeng'enywa kwa theluthi mbili hivi, theluthi moja ikatoka katika kinyesi. Ilhali bua, ambalo nyuzinyuzi zake zimeshikamana na lignini, ile gundi ngumu inayolifanya lisimame wima, hupoteza kwa njia hiyo zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kisha huja hasara mbili zilizofichika: gesi ya methani, ambayo vijidudu vya tumbo kubwa huitoa wanapochachua chakula na ng'ombe akaibeua hewani, nayo huchukua sehemu 6 au 7 katika kila 100 za nguvu yote iliyoliwa, na mkojo, ambao huchukua chache nyingine. Kinachosalia baada ya makato hayo yote ndicho ng'ombe awezacho kukitumia, nacho ni megajuli 9 hadi 10 katika kilo ya majani makavu yaliyokuwa mazuri, na 6 tu, pengine pungufu, katika kilo ya nyasi zilizokaukia mbugani. Mtu anayetathmini malisho kwa kutazama urefu wa nyasi peke yake hupima mali ya tajiri kwa ukubwa wa kasha lake.

Elimu hii si ya jana. Huko Ujerumani, katika kituo cha Möckern karibu na Leipzig, mkemia Oskar Kellner aliwafungia maksai ndani ya chumba kilichopima hewa waliyovuta na waliyotoa, akawaongezea wanga safi juu ya chakula chao, akaona kwamba kila kilo ya wanga iliyomeng'enywa iliwawekea mwilini kiasi cha gramu 248 za mafuta. Kisha akalinganisha vyakula vingine na wanga huo, na katika kitabu chake cha mwaka 1905 akaliweka wazi jambo ambalo wafugaji walilijua kwa macho pasipo hisabu yake, ya kuwa mabua ya ngano hayamnenepeshi mnyama kwa kadiri ya kile anachokimeng'enya ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida huliwa na kazi ya kuyatafuna, kuyacheua na kuyasukuma tumboni. Haikuchukua muda mrefu elimu hiyo ikafika kwetu. Huko Mpwapwa, katika kituo cha mifugo cha Tanganyika, mtaalamu M. H. French aliwalisha wanyama nyasi za nchi hii katika miaka ya 1930 na iliyofuata, akapima kilichoingia kinywani na kilichotoka, na kutokana na subira hiyo tukapata majedwali ya kwanza ya thamani ya malisho yetu wenyewe. Nayataja hayo kwa taadhima, na pia kwa masikitiko, kwa sababu naona aghalabu maofisa wetu wa leo wakifungua majedwali yaliyopimwa kwa ng'ombe wa Ulaya walao bandani, ambao ni wazito mara mbili ya ng'ombe wetu na ambao maji huwafuata walipo, kana kwamba Mpwapwa haijapata kuwako.

Hata hivyo, jedwali la mnyama aliyefungwa bandani, hata likiwa letu, halimalizi kazi. Mnyama wa bandani hupewa majani yaliyokatwa na kupimwa kwa mizani. Aliye machungani hujipimia mwenyewe, wala hamwambii mtu. Simama karibu na ng'ombe asubuhi, umande ukiisha kukauka, uutazame ulimi wake. Hana meno ya mbele katika taya la juu, basi ulimi ndio mkono wake: hutoka mrefu na wenye kukwaruza, hukizunguka kishungi cha majani, hukivuta hadi kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kichwa kikatikisika kidogo, na majani yakakatika kwa mlio mfupi. Kisha tazama kilichobaki. Bua lipo pale pale. Jani la kijani lililokuwa limejificha chini ya mabua ya mwaka jana ndilo lililokwenda. Hupita shina moja la nyasi bila kuligusa, hula la pili hadi karibu na ardhi, hunyoosha shingo kufikia ganda la mgunga lililoanguka, hurudi nyuma hatua mbili kwa sababu ya kitu ambacho wewe hukukiona. Bwana mifugo akija saa hiyo na mundu, akakata mita moja ya mraba na kuipeleka maabara, atakuwa amepima kile ambacho ng'ombe amekikataa pamoja na kile alichokipenda, na jawabu lake litakuwa la chini kuliko ukweli. Lakini akija baada ya wiki tatu, majani yakiwa yamekwisha na kundi limekosa ikhtiari, jawabu lile lile la mundu laweza kuwa sahihi kabisa, maana sasa ng'ombe anakula mabua kwa dhiki. Ukadiriaji wa malisho ni ukadiriaji wa uchaguzi, na uchaguzi hubadilika kila siku.

Wataalamu wamehangaika na siri hiyo kwa zaidi ya nusu karne, kwa werevu unaostahili kusifiwa. Wapo waliomfuata ng'ombe hatua kwa hatua, wakichuma kwa mkono mfano wa kila alichokiuma. Na wapo waliotoboa umio wa mnyama na kufunga mfuko ili kuyanasa majani yaliyomezwa, kazi ambayo sitamani kuiona ikifanywa penye njia nyingine. Huko Hurley, Uingereza, J. M. A. Tilley na R. A. Terry walitangaza mwaka 1963 namna ya kuigiza tumbo ndani ya chupa, kwa kuyaloweka majani katika maji ya tumbo la kondoo kwa saa 48, kisha katika asidi na pepsini kwa saa 48 nyingine. Na chupa hizo, ambazo hazili wala hazichoki, zikawezesha maabara moja kupima nyasi mia ambapo zamani zilipimwa tano. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Scotland wakagundua kwamba nta iliyo juu ya majani hupita tumboni karibu yote, hata mtu akimpa ng'ombe kiasi anachokijua cha nta ya aina nyingine, aweza kutokana na kinyesi kuhisabu mnyama amekula kilo ngapi. Na njia ninayoiona kuwa na faraja kubwa kwetu ni ile iliyoendelezwa Texas: kinyesi hukaushwa, husagwa, humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na namna kinavyourudisha mwanga huo ikatoa habari za protini na mmeng'enyo wa kile kilicholiwa. Njia hiyo ilikwisha kuletwa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, katika mradi wa kutabiri njaa ya mifugo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinyesi huanguka chenyewe katika kila boma; hakuna mnyama anayechanjwa wala kutobolewa, wala mfugaji halazimiki kumruhusu mtu kugusa mali yake.

Baada ya kujua thamani ya kilo, yabaki kujua kilo ngapi, na hapo ndipo hisabu inapomgeukia mnyama mwenyewe. Mchukue ng'ombe jike wa asili mwenye uzito wa kilo 250. Kukaa hai tu, bila kunenepa wala kutoa maziwa, kwamgharimu kiasi cha megajuli 30 kwa siku. Kila kilomita anayotembea katika nchi tambarare hutoza ushuru wake, hata kwenda na kurudi majini kilomita 10 humla megajuli 5 hivi, ambazo ndizo karibu gharama ya kutengeneza lita moja ya maziwa. Na penye kilima ushuru huo huongezeka mara nyingi, kwa kuwa kupanda mita moja kwamgharimu mara kumi na zaidi ya kutembea mita moja sawa. Katika masika ng'ombe huyu aweza kula kilo 6 za majani, yakihisabiwa makavu, akapata megajuli 55 na zaidi, ndama akanyonya, mwenye nyumba akakamua, na ubavu ukajaa. Mwezi wa Oktoba hula kilo 4 kwa shida, nazo humpa megajuli 24. Amepungukiwa na 6 za kukaa hai na 5 za kutembea. Basi huzitoa mwilini mwake, akipoteza kati ya theluthi na nusu ya kilo kila siku, na kwa miezi minne hupotea kilo 40 hadi 60, ambazo ni mafuta kwanza na nyama baadaye. Hiyo ndiyo maana ya zile mbavu tunazozihesabu barabarani. Na zingatia kwamba kisima kilichochimbwa karibu na malisho, kikapunguza safari kwa nusu, kimempa ng'ombe huyu nguvu bila kuongeza hata unyasi mmoja, jambo ambalo mgao wa ekari hauwezi kuliona.

Kwa nini hali zaidi ya kilo 4, ilhali nyasi kavu zimejaa mbele yake? Jibu lake lina thamani kuliko yote niliyoyasema. Ng'ombe hazimeng'enyi nyuzinyuzi yeye mwenyewe. Humeng'enyewa na vijidudu wa tumbo lake kubwa, na hao nao ni viumbe wahitajio protini yao. Nyasi zikishuka chini ya sehemu 7 za protini katika 100, nazo kiangazi hushuka hadi 4 na pungufu yake, vijidudu hulegea, bua hukaa tumboni siku nyingi, tumbo likawa limejaa na mwili ukawa na njaa. Mnyama amevimbiwa na amefilisika kwa wakati mmoja. Lakini apewe kiasi kidogo tu cha mashudu ya pamba kila siku, na vijidudu wakafufuka, bua likapita, akala zaidi ya alivyokula jana, na nguvu iliyokuwa imefungwa katika nyasi zile zile ikafunguka. Wasukuma wana ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa ukame, ambayo mpango wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, uliyahuisha kwa mafanikio ambayo nchi nzima inayajua. Na nchi hiyo hiyo ya ngitili ndiyo nchi ya pamba. Hata hivyo gunia la mashudu husafirishwa kwenda mbali, nalo kundi likabaki ndani ya ngitili likitafuna mabua yasiyofunguka. Naamini kwa yakini kwamba kama thamani ya nyasi za ngitili ingepimwa kila mwezi na kutangazwa, mfugaji wa Kishapu angejua ni wiki gani hasa protini imeshuka chini ya ile 7, na fedha yake kidogo angeitumia wiki hiyo, si mapema ikapotea bure, wala si baada ya ng'ombe kulala asiinuke.

Kupuuza thamani ya majani kumetuletea makosa makubwa kuliko hayo. Katika mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu ili kuunusuru mto Ruaha, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi, ambako mvua ni nyingi na nyasi ni ndefu. Sizungumzii haki ya mto, ambayo ni kubwa. Nazungumzia fikra kwamba penye nyasi ndefu pana chakula kingi. Henk Breman na C. T. de Wit walikwisha kuonyesha, katika utafiti wao wa Sahel uliotangazwa mwaka 1983, kwamba kuelekea jangwani majani hupungua lakini protini yake huongezeka, na kuelekea penye mvua majani hurefuka haraka, hukomaa haraka, yakawa mengi na hafifu. Nyumbu wa Serengeti wanalijua hilo: wakati wa mvua huziacha nyasi ndefu za kaskazini na magharibi, wakashuka katika uwanda wa nyasi fupi wa kusini kuzaa. Wamasai wanalijua vile vile, na kama huziacha nyasi zile fupi wakati nyumbu wanazaa, si kwa ujinga wa thamani yake, ni kwa kuogopa maradhi ambayo ndama wa nyumbu huyaacha malishoni. Hesabu ya mfugaji hodari ina mambo mengi ndani yake kuliko jedwali letu.

Siku hizi setilaiti zimeingia katika shauri hili, nazo ni msaada mkubwa. Tangu mwaka 2010, pale bima ya mifugo ilipoanza Marsabit, mfugaji wa Kenya ameweza kulipwa fidia kwa kadiri ukijani wa nchi unavyoonekana kutoka angani, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Lakini jicho la angani huona kijani, halioni nguvu. Mti wa mathenge, ambao umezifunika sehemu nyingi za Baringo, hubaki kijani katikati ya ukame, na majani yake ng'ombe hayataki. Panahitajika kipimo cha chini, kinywani na tumboni mwa mnyama, ili kuisahihisha picha ya juu. Na kipimo hicho sharti kitoke hapa, kwa ng'ombe wa hapa.

Kwamba hilo lawezekana tumekwisha kuonyeshwa. Huko Nyando, magharibi ya Kenya, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, katika kazi iliyotangazwa mwaka 2018, waliigeuza hesabu kichwa chini: badala ya kukisia ng'ombe amekula nini, waliwapima ng'ombe wa wakulima wadogo uzito wao msimu hata msimu, wakapima maziwa na umbali wa safari zao, kisha wakahisabu ni nguvu kiasi gani lazima iwe imeingia ili hayo yote yatokee. Mnyama mwenyewe akawa mizani.

Yako maneno ya kujibu. Mtu atasema kwamba mfugaji anajua haya yote tangu utotoni, kwa kutazama ubavu, kinyesi na mng'ao wa manyoya, na ya nini kumletea megajuli. Ni kweli anajua. Lakini katika baraza ambako shauri la ardhi yake hukatwa, ujuzi wake huitwa mazoea na hisabu ya ekari huitwa sayansi. Na maadamu mambo yanaamuliwa kwa tarakimu, ni dhuluma kumwacha aende huko mikono mitupu. Kipimo chaweza pia kumwambia asilopenda, kwamba ng'ombe wake kweli wamezidi, kwamba kati ya kumi wanaopoteza kilo 50 kila kiangazi ingekuwa heri wanne wauzwe mwezi wa Juni wakiwa wanono kuliko wote kuuzwa Novemba kwa bei ya ngozi. Naye atalikubali hilo, nadhani, likitoka katika mwili wa ng'ombe wake mwenyewe, kwa namna ambayo hatalikubali likitoka katika ramani.

Tunayo sheria ya maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo tangu mwaka 2010, tunazo maabara, tunao vijana waliosomea mifugo na wasio na kazi, na tunayo majosho ambayo ng'ombe huyapitia mmoja mmoja katika njia nyembamba. Utepe wa kupimia kifua, unaomwezesha mtu kukadiria uzito wa ng'ombe kwa dakika moja, ni kitu cha bei ndogo. Kila halmashauri ya wafugaji ichague majosho machache. Ng'ombe wale wale wapimwe mwezi wa Mei mvua zikiisha, na tena Oktoba. Kinyesi chao kichukuliwe siku hiyo hiyo na kupelekwa Mpwapwa. Na majibu yabandikwe, kwa Kiswahili chepesi, katika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, mfugaji na mkulima wayasome pamoja kabla mkutano wa kijiji haujakaa kuamua ng'ombe wangapi wabaki.